Jina la mji mdogo katika sentensi za mfano: swali la mwalimu

SWALI: Ninaandaa mazoezi ya Kiswahili na katika sentensi za mfano nimetumia Kipini, mji mdogo wa pwani ya Kenya. Nimeandika "Kipini ni mzuri" na "Tulifika katika Kipini". Mwenzangu ananishauri niweke Nairobi, kwa kuwa wanafunzi hawaijui Kipini. Je, nibadilishe?

JIBU: Usibadilishe mji, Mwalimu. Badilisha sentensi.

Mwenzako ana hoja. Nairobi haihitaji kutambulishwa, lakini asiyeijua Kipini atasoma "Kipini ni mzuri" akadhani ni jina la mtu. Tena kipini ni neno la kawaida: kuna kipini cha kisu na kipini cha puani. Herufi kubwa itamsaidia anayesoma, ila ukiwasomea imla hawataisikia. Hata kwenye maandishi, jina likianza sentensi, herufi kubwa haithibitishi kitu.

Kinachothibitisha ni upatanisho, yaani viambishi vya maneno mengine vinavyolingana na jina. Linganisha "Nilikipenda kipini" na "Nilipapenda Kipini". Ya kwanza ni pambo au mpini mdogo. Ya pili ni mahali, hata kwa mtu ambaye hajawahi kulisikia jina hilo. Vivyo hivyo, "Kipini kimepotea" na "Kipini pamebadilika" haziwezi kuchanganywa. Kwa hiyo andika "Kipini ni pazuri". Ukitaka kuzungumzia eneo kwa ujumla, tumia ku-: "Kipini kuna joto", "Kipini kwetu kumetulia". Kwa maoni yangu, mji usiojulikana unafundisha upatanisho wa mahali vizuri kuliko jiji kubwa, kwa sababu hapo mwanafunzi hana cha kumwongoza ila sarufi yenyewe.

Utakutana pia na "Kipini imebadilika", kama magazeti yanavyoandika "Mombasa imebadilika", na kama tunavyosema "Kenya imeshinda". Wewe mwenyewe umeandika "hawaijui Kipini". Ni matumizi yaliyozoeleka na siyaiti kosa. Ila katika sentensi ya kufundishia ningeyaepuka, maana hayamwambii msomaji kwamba jina hilo ni la mahali.

Sasa hiyo "katika Kipini". Jina la mahali hujitosheleza: tulifika Kipini, anakaa Kipini, ametoka Kipini. "Katika" ikae na nomino ya kawaida: "katika mji wa Kipini". Kiambishi -ni nacho hakiongezwi kwenye jina la mji, na hapa mfano wako una bahati, kwani unaweza kuziweka sentensi mbili pamoja: "Kutu imeingia kipinini" na "Mvua imefika Kipini". Mwanafunzi aulizwe ipi inazungumzia kisu. Wala wasiandike "Ninakwenda kwa Kipini". Hiyo inamaanisha nyumbani kwa mtu aitwaye Kipini.

Kama zoezi halihusu mahali, tuseme unafundisha wakati uliopita, usimwachie mwanafunzi fumbo la jina juu ya somo lenyewe. Mara ya kwanza tanguliza "mji wa", kisha upatanisho ufuate neno mji: "Mji wa Kipini uko pale Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi." Amepata sarufi, amejua na mahali ulipo. Baada ya hapo andika Kipini peke yake bila wasiwasi. Au chagua kitenzi kinachodai mahali, kama kuhamia, kutokea, kuishi. "Baba amehamia Kipini" haina utata wowote, hata ikisomwa kwa sauti.

Sentensi zako mbili basi ziwe hivi: "Kipini ni pazuri" na "Tulifika Kipini".