Kitasa kikilia, moyo unanipasuka

SWALI: Nina miaka 6 nikiwashauri waathirika wa ukatili. Mteja mmoja alinisimulia mlio wa kitasa kabla mlango haujafunguliwa. Sasa kitasa cha nyumbani kwangu kikilia, natetemeka. Je, kazi hii imenishinda?

JIBU: Haijakushinda, dada yangu. Hali hiyo ilipewa jina mwaka 1990 na wanasaikolojia McCann na Pearlman: ni kiwewe kinachompata msikilizaji. Usikichanganye na uchovu wa kazi. Uchovu huweza kupungua kwa likizo. Hiki hugeuza jinsi unavyoiona dunia, hata mlango wako mwenyewe ukautilia shaka.

Mimi nilisumbuliwa na harufu ya moshi niliyosimuliwa tu. Kutembea jioni kulisaidia, usingizi pia. Lakini nafuu hasa niliipata nilipomwambia msimamizi wangu, kwa sauti, “Nanusa moshi.” Tukapunguza kesi nzito kwa siku, nami nikaanza kwenda kwa mshauri wangu mwenyewe. Hadi leo, kila mteja akitoka, nanawa mikono kwa maji baridi, polepole, kabla sijamwita mwingine.

Mweleze msimamizi wako habari ya kitasa wiki hii. Usingoje izidi.