Mahalia Jackson aliimba bure kweli?

SWALI: Shikamoo anti. Kwaya yetu imegawanyika, tunaitwa kwenye maharusi na makongamano, wengine wanataka tulipwe kwanza, wengine wanasema injili haiuzwi, na mzee wetu mmoja katoa mfano wa Mahalia Jackson, yule mwimbaji wa injili mweusi wa Marekani, eti aliimba bure mpaka anakufa. Ni kweli?
Mwanakwaya, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee wenu kachanganya mambo. Alichokataa Mahalia ni kuimba blues, muziki wa kidunia wa Wamarekani weusi, na kuimba kwenye vilabu vya pombe, hela hakuzikataa hata siku moja! Tena alizitaka kashi, mkononi, na inasimuliwa sana kwamba alikuwa anazificha kwenye sidiria. Usimwone mchoyo, mapromota wa enzi zile kuwadhulumu wasanii weusi ilikuwa kawaida, na kule kusini mwa Marekani unaimba ukumbi umefurika halafu hoteli hawakupokei, mgahawani hawakuuzii chakula, unaishia kulala kwenye gari, sasa na hela usipate?

Halafu huyu mama alizijua shida. Kazaliwa New Orleans 1911, mama yake akafa yeye bado mdogo, kalelewa na shangazi mkali kwelikweli, akaenda Chicago akafanya kazi za kufua na usafi, baadaye akafungua saluni na duka la maua. Wimbo aliorekodi 1947, Move On Up a Little Higher, ndo ukamtoa, na 1950 akaimba kwenye ukumbi maarufu wa Carnegie Hall, New York.

Ila bure nako aliimba, akijua anamuimbia nani. Desemba 1956 alienda Montgomery, kusini mwa Marekani, watu weusi wa pale walikuwa wamesusia mabasi mwaka mzima kupinga ubaguzi, wanatembea kwa miguu, hao hakuwatoza. Na kwenye yale maandamano ya Washington ya kudai haki za watu weusi, 28 Agosti 1963, aliimba, halafu kiongozi wao Martin Luther King akiwa anahutubia, waliokuwa karibu wanasimulia kwamba Mahalia ndo alimpigia kelele awaambie watu ile ndoto yake ya weusi na weupe kuwa sawa.

Kwa hiyo wa harusi, mwenye ukumbi na keki ya ghorofa tano, mwambieni atangulize malipo. Msiba wa jirani imbeni bure.

Nisipomtetea Mahalia ni kwa mpiga piano wake, Mildred Falls, alizunguka naye miaka mingi kwa malipo kiduchu, hata wanaompenda Mahalia wanalisema hilo. Huyo kijana wenu wa kinanda mnampa ngapi?