Uamuzi wa mchezaji usiguswe
Umeuliza kama, katika mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na mwendesha mchezo husimulia yanayowakuta, ni halali huyo mwendesha kuliweka zimwi lile lile mbele ya wachezaji, wapite njia ya msituni au ya mtoni, ili maandalizi yake yasipotee bure. Mimi nasema si halali iwapo wachezaji walikuwa na sababu ya kuchagua: kama waliona nyayo kubwa zikielekea msituni, wakajadiliana, wakaamua kushika njia ya mtoni, basi kuwahamishia zimwi huko ni kuwanyang'anya uamuzi wao huku ukiwaacha wakidhani bado wanao. Tangu Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, ilipotoka mwaka 1974, mwendesha mchezo amekabidhiwa ulimwengu mzima, yaani maadui, wenyeji wa vijiji, hata mvua na tafsiri ya kanuni, ilhali mchezaji kwa kawaida ana mhusika mmoja tu, na ndiyo maana hicho kidogo alicho nacho hakifai kuguswa. Ukiona dadu la pande 20, linalorushwa kuamua kama tendo limefaulu, linaweza kukuharibia hadithi, usilirushe kabisa. Ukishalirusha, kubali lilivyoangukia. Zimwi lako litunze, kwani wiki ijayo huenda wakalifuata wenyewe.