Kocha amwamini ofisa wa kanuni?
Unauliza kwa nini kocha wa futiboli ya Kimarekani amwamini ofisa wa kanuni wa chuo, yaani anayehakikisha timu inafuata kanuni za michezo, wakati huyo ndiye anayeweza kumripoti NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Mtazame Jim Tressel, aliyekuwa kocha wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Aprili 2010 alipata barua pepe kwamba wachezaji wake wanatoa jezi na pete za ubingwa ili wachorwe tatuu, jambo lililokatazwa na kanuni za NCAA wakati huo. Akanyamaza. Septemba akasaini fomu kwamba ameripoti kila ukiukaji anaoujua! Mei 2011 akajiuzulu, na ushindi wa msimu wa 2010 ukafutwa. Angewaambia watu wa kanuni mapema, naamini kabisa angebaki kazini. Ila ofisa naye asingoje kosa litokee: aonekane mazoezini, azoeane na makocha wasaidizi, apokee simu hata saa nne usiku.