Hatari ya kulegeza masharti ya korona vijijini

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watu walihofia vijiji Kenya ilipoondoa marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa Julai 2020, ilhali kijijini nyumba zimeachana na hewa ni tele. Hewa ipo, lakini si rahisi watu kuambukizana shambani. Huambukizana ndani ya matatu, sokoni, na hasa matangani, ambako jamaa waliotoka mjini hula na kulala pamoja na wenyeji siku kadhaa. Na kijijini wamo wazee wenye presha au kisukari, wanaolea wajukuu. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Mzee akianza kubanwa na pumzi usiku, zahanati mara nyingi haina oksijeni, hospitali ya kaunti iko mbali, na gari la kukodi ni ghali mno.

Juni 2021, aina ya virusi vya korona iitwayo Delta ilipoenea magharibi mwa nchi, serikali ililazimika kuweka kafyu ya kuanzia saa moja jioni katika kaunti 13, Siaya na Busia zikiwemo. Kufungua kulihitajika, maana watu walikuwa wanalala njaa. Ila mitungi ya oksijeni ilipaswa kufika vijijini kabla ya mabasi.