Shimo gumu ni jambo moja, shimo la uonevu ni jambo lingine (niulizeni mimi)

Kuna kaka kaniandikia wiki iliyopita, anasema kwenye klabu yao ya gofu kuna shimo moja (shimo kwetu ni sehemu nzima, toka unapoanza kupiga mpaka tundu la bendera) kila mtu anatoka na mipigo saba au nane, wamechoka, anaomba nimsaidie kuandika barua ya kwenda kwa komiti. Kaka, nimesoma meseji yako nikacheka halafu nikanyamaza. Malalamiko kama hayo mimi nimeshayapeleka mara mbili, ya kwanza yalikuwa aibu tupu, ya pili yalikuwa ya haki kabisa, na balaa ni kwamba waliopokea ya pili walikuwa bado hawajasahau yale ya kwanza.

Nianze na aibu.

Gofu nimeianza ukubwani, nina miaka 39, watoto wameshaenda bodingi. Mwaka wa pili nikajiona nimeiva. Sasa pale kwetu (jina la klabu naliacha, wenyewe mnapajua) namba 6 ni shimo la mipigo minne (yaani mchezaji mzuri anatarajiwa alimalize kwa minne), na upande wa kulia wa fewei, ile njia ya nyasi fupi, kuna mkuyu mmoja mkubwa, ule wa matawi kama mwavuli. Mimi siku hizo mpira wangu ulikuwa unakata kulia kama umeitwa. Kwa hiyo kila Jumamosi ni dreva, ile fimbo ya kupigia mbali, paa! kwenye mkuyu. Naokota, nadondosha, napiga tena, saba. Wiki inayofuata saba. Nikaandika barua ya kurasa mbili kwamba mti umekaa mahali pabaya, unaharibu mchezo, ukatwe. Mti una umri mkubwa kuliko klabu yenyewe, mimi nina miaka miwili uwanjani, naandika mti "umekaa mahali pabaya". Hata leo nikikumbuka naona joto la uso.

Aliyenitoa ujinga ni kedi wangu, anayenibebea begi la fimbo. Tumesimama kwenye tii, pale pa kuanzia, nimeshachomoa dreva, akaishika kwa adabu akairudisha kwenye begi. Akasema, "Mama, huu mti haujawahi kukufuata, wewe ndio unaufuata. Chukua aini 7, lenga kile kichuguu cha kushoto, ukifika pale piga nyingine hiyohiyo, halafu wedji." Nikamwambia kwa fimbo hizo fupi ni mipigo mitatu na bado kuputi, kuusukuma mpira uingie tunduni. Akasema, "Tano ya uhakika mama. Wewe mwaka mzima unaandika saba."

Nikapata tano. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mbaazi yenyewe nilikuwa mimi.

Ndiyo maana nasema kabla hujaandika barua jiulize, hili shimo lina pa kukimbilia? Shimo gumu la kweli lina njia ya kutokea, ila ukipita huko unalipa mpigo mmoja. Chukua namba 17 ya Old Course pale St Andrews, Uskoti. Yadi 495 kwa mipigo minne, nyuma ya griini (kile kiwanja kidogo cha nyasi laini chenye tundu) kuna barabara na ukuta wa mawe, mbele kushoto kuna banka, yaani shimo la mchanga, ndogo lakini yenye kina kama kaburi. Mwaka 1978 kwenye The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, Mjapani Tommy Nakajima alifika kwenye griini kwa mipigo miwili tu, akaputi, mpira ukageuka ukateremkia kwenye hiyo banka, akahitaji mipigo minne kutoka humo, akaandika tisa. Watu wanalia na hilo shimo mpaka leo, ila hakuna mwenye akili anayesema livunjwe, kwa sababu ukipiga wa pili ukauacha mfupi upande wa kulia, ukachipu, yaani ukaurusha mfupi mpaka kwenye griini, ukaputi, unaondoka na tano yako salama. Anayeumia pale mara nyingi ni yule aliyetaka nne kwa nguvu. Sasa huo si uonevu, hayo ni maamuzi yako mwenyewe.

Haya, tuje kwenye shimo namba 14 la klabuni kwetu.

Mashindano ya mwaka ya kina mama, mwaka juzi. Naongoza kwa mipigo miwili, zimebaki mashimo matano, na sikuwa nacheza kwa bahati, nilikuwa nacheza gofu, nasema hivi bila aibu. 14 ni shimo fupi, kwenye tii yetu sisi kina mama ni yadi 128, griini iko juu imelala kuja mbele, na chini yake kuna bonde dogo la nyasi. Siku hiyo bendera na tundu lake, ambavyo huhamishwa, wameviweka sehemu ya mbele, palepale kwenye mteremko. Nikapiga mpira ambao nikipiga mia nyingine sitapata kama ule. Ukatua hatua mbili nyuma ya bendera, wenzangu wakapiga makofi, na makofi hayajaisha mpira ukaanza kurudi. Taratibu kwanza, kama mtu anayefikiria, halafu ukashika kasi, ukapita pembeni ya shimo, ukashuka mpaka bondeni.

Nikachipu. Ukapanda, ukasimama, ukarudi miguuni kwangu. Nikachipu tena, ukarudi. Wa nne nikaupiga kwa hasira ukavuka mpaka nyuma kabisa ya griini, nikasema angalau sasa niko juu, nikaugusa tu, jamani nimeugusa tu! ukapita shimo ukarudi bondeni. Niliandika nane. Kombe nikalikosa kwa mpigo mmoja.

Jioni nikamfuata kepteni. Sikumfuata na hasira, nilimfuata na hoja. Akanisikiliza akiwa na glasi mkononi, halafu akasema kwa sauti ya kusikika meza zote, "Dada yangu, juzi ulitaka tukate mkuyu, leo unataka tusawazishe mlima?" Baa nzima ikacheka. Na waliocheka zaidi ni wanaume ambao asubuhi yake griini hiyohiyo iliwarudishia mipira bondeni kama mimi. Sijasahau, na simwombi mtu anisaidie kusahau.

Nikarudi nyumbani nikawaza, kelele hazitanisaidia, mimi nina historia. Nikaamua kuhesabu.

Jumamosi ambayo bendera ilirudishwa sehemu ileile nikachukua kiti cha plastiki, daftari, chupa ya chai, nikakaa chini ya kivuli nyuma ya 14 na kedi wangu toka saa 2 asubuhi mpaka saa 7 mchana. Tulikuwa tunaandika vitu viwili tu, mpira umetua wapi na umeishia wapi. Mipira iliyokosa griini kabisa hatukuihesabu, hiyo ni makosa ya mwenye mpira. Mipira 19 ilitua nusu ya mbele ya griini. 17 ilirudi bondeni. Humo ndani kuna wa hendikepu 4 (mchezaji mzuri) na wa hendikepu 28 (anayepiga mipigo mingi), na wote waliishia kwenye kiraka kimoja cha nyasi kisichozidi ukubwa wa mkeka, mpaka pamekuwa pamechunika kwa alama za wedji. Hapo ndipo nilipoelewa uonevu ni nini. Shimo limeacha kutofautisha mpigo mzuri na mbaya. Aliyepiga vizuri na aliyepiga hovyo wanakutana bondeni wanasalimiana.

Na aliyechora griini ile simlaumu hata kidogo. Ilichorwa enzi nyasi zinaachwa ndefu, mpira ukitua unashikwa. Siku hizi tumenunua mashine mpya, tunakata chini kabisa ili tufanane na tunaowaona kwenye televisheni, mteremko ni uleule ila sasa haushiki kitu. Haya yamewakuta hata wakubwa. Shinnecock Hills kule Marekani, mashindano ya US Open ya 2004, siku ya mwisho griini ya namba 7 ilikuwa imekauka mpaka mipira inagoma kukaa, ikabidi waimwagilie maji katikati ya mashindano, kundi moja likipita wanamwaga, na siku hiyo hakuna mchezaji hata mmoja aliyemaliza chini ya par, yaani idadi ya mipigo inayotarajiwa. Na US Open hiyohiyo mwaka 1998, Olympic Club, San Francisco, raundi ya pili waliweka tundu la 18 kwenye mteremko, Payne Stewart aliyekuwa anaongoza akaputi kutoka futi chache tu, akakosa, mpira ukashuka futi 20 na kitu. Akaukosa ubingwa kwa mpigo mmoja. Namuelewa yule mtu kuliko ndugu zangu wa damu.

Kwa hiyo msipende kusema "mchoro mbaya" haraka haraka. Mara nyingi mchoro hauna kosa, kosa ni la aliyechomeka bendera saa 12 asubuhi ana usingizi. Dawa yake ni rahisi: bendera ikae mahali ambapo duara la futi 2 au 3 kuzunguka shimo ni tambarare kadiri inavyowezekana, na kama griini nzima haina mahali pa namna hiyo basi nyasi ziachwe ndefu kidogo. Haihitaji tingatinga wala mtaalamu wa nje.

Na nyie mnaopenda kulia, lieni kwa adabu. Watu wengi wanaonipigia simu kulalamika, nikiwauliza umejaribu kupiga mfupi? Kimya. Umejaribu upande wa pili? Kimya. Umemuuliza kedi? "Ah, kedi anajua nini." Kedi anapita pale kila siku ya Mungu, wewe unapita Jumamosi, halafu unauliza anajua nini! Kiburi ndicho kinachotumaliza, sio mabanka.

Daftari nililipeleka kwa komiti bila barua. Karatasi mbili tu na mchoro wa kalamu. Wiki tatu baadaye ikatangazwa kwamba bendera ya 14 haitachomekwa tena mbele, "kwa maelekezo ya kepteni". Jina langu halikutajwa, na nane yangu bado iko kwenye kadi.

Kaka, barua yako sitaiandika. Tafuta kiti, kaeni pale asubuhi nzima, andikeni mipira iliyotua vizuri tu na ilikoishia, halafu nitumie hizo namba tuziangalie wote. Na kedi utakayekaa naye mlipe hela ya begi zima, siku hiyo hatabeba la mtu mwingine.