Maswali na Majibu: Geuza CPU, Tazama Nyuma

Wiki hii nimechagua barua zinazonipa nafasi ya kurudia wimbo wangu wa siku zote: waya kwanza, waifai baadaye.

Kompyuta yangu ya mezani haina waifai. Nitapataje intaneti ya nyumbani? (Msomaji, Mbagala)

Swali hili nimelijibu mpaka basi. Geuza CPU, yaani lile boksi la kompyuta, tazama nyuma. Karibu na matundu ya USB kuna tundu kama la simu ya mezani, ila pana zaidi. Hilo ni la waya wa LAN, yaani waya wa mtandao wa ndani ya nyumba. Chomeka ncha moja hapo na nyingine kwenye tundu la LAN la ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, si lile la WAN linaloingiza intaneti kutoka nje. Hakuna nenosiri wala programu ya kupakua. Na jamani, waifai si intaneti; ni njia tu ya kuifikia.

Fundi ameniambia ninunue kompyuta nyingine yenye waifai. (Msomaji, Morogoro)

Badilisha fundi.

Ruta iko sebuleni, kompyuta iko chumba cha nyuma, kama mita 25. Waya mrefu hivyo si utapunguza kasi? (Msomaji, Tabata)

Wala. Waya wa LAN wa daraja la Cat5e hupitisha gigabiti 1, yaani megabiti 1000, kwa sekunde hadi mita 100. Hufiki huko hata ukizunguka banda la kuku. Kinachowaponza watu ni waya feki. Mwaka juzi nilinunua mita 30 kwa bei ya kutupa, muuzaji akiapa kwamba ni shaba tupu. Intaneti ikawa inakata na kurudi. Nikachuna ncha, nikakwangua uzi mmoja kwa wembe: wekundu ukabanduka kama rangi ya kucha, ndani ni mweupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Tangu siku hiyo siendi kununua waya bila wembe mfukoni.

Tazama na vichwa vyake. Ndani kuna nyuzi nane. Gigabiti huzitaka zote, megabiti 100 hutumia nne tu. Kasi ikiganda kwenye 100 na vifaa vyako ni vya gigabiti, shuku kichwa kilichobanwa vibaya.

Upitishe ndani, mbali na nyaya za umeme. Usiutambaze nje juu ya paa. Radi za masika hazina haja ya kuupiga waya wenyewe; ikipiga kwa jirani tu, ruta na kompyuta vinaweza kwenda pamoja. Kama una panya, upitishe kwenye bomba la plastiki.

Adapta yangu ya waifai ya USB inashika kwa shida. (Msomaji, Dodoma)

Umeichomeka nyuma, sivyo? Basi umeificha kati ya bati la CPU na ukuta. Nunua waya wa kurefushia USB, uipandishe mezani. Halafu soma boksi: nyingi ya zile ndogo kama ukucha hushika masafa ya GHz 2.4 peke yake, na kwenye nyumba za kupanga masafa hayo yamejaa ruta za majirani. Baadhi hudai draiva, yaani programu ya kuziendesha, nawe unaambiwa uipakue kwenye intaneti ambayo ndiyo huna.

Sina hela ya waya wala adapta. Nina simu ya Android tu. (Msomaji, Mwanza)

Inatosha. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB unaopitisha data, si ule wa chaji tu, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Wengi hawajui kwamba simu ikiwa imeshika waifai, kwa kawaida hugawa waifai hiyohiyo na bando halitaguswa. iPhone hugawa data ya laini tu.

Ukitumia bando, kwanza iambie Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. La sivyo masasisho yatakula bando la wiki chai haijachemka. Na mnaonunua kompyuta za mtumba zenye Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji hatakwambia.

Nimechomeka waya, taa zinawaka, intaneti hakuna. (Msomaji, Tanga)

Angalia anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta yako kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na ruta: zima ruta uiwashe tena, jaribu tundu jingine, kisha waya mwingine. Ikianza na 192.168, huenda ruta imeshaipokea. Sasa jaribu kufungua chochote kwa simu kupitia ruta hiyohiyo. Nayo ikigoma, usiulaumu waya. Wenzako watatu walioniandikia hivihivi, kifurushi kilikuwa kimeisha.